Treni za modeli za urithi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu thamani na uuzaji

Majibu haya ni kwa aliyeachiwa treni za modeli na asijue aanzie wapi. Mifano mingi inahusu Hornby ya Uingereza, Märklin ya Ujerumani na Lionel ya Marekani, maana ndizo zinazokutwa zaidi katika masanduku ya marehemu kwenye nchi hizo.

## Kabla hujagusa chochote

1. Nimefungua stoo ya marehemu na kukuta maboksi ya treni. Nianze na nini?

Piga picha kila kitu kilivyo kabla hujakisogeza: rafu, maboksi, meza ya reli, hata droo ya waya. Mkusanyaji huwa na mpangilio wake. Kichwa cha treni kilichowekwa karibu na boksi fulani mara nyingi ndicho chenye boksi hilo, na ukishavichanganya hutajua tena kipi ni cha nani.

Kisha tafuta karatasi: madaftari, risiti, katalogi zilizowekwa alama, faili za kompyuta. Wakusanyaji wengi waliandika tarehe na bei waliyonunulia. Hiyo bei haitakuambia thamani ya leo, ila itakuambia marehemu alikithamini kipi.

Halafu tengeneza orodha, mstari mmoja kwa kila kitu: kampuni, namba ya katalogi, geji (upana wa reli), maandishi ya ubavuni, boksi lipo au halipo, kasoro. Dakika tatu kwa kila kimoja zinatosha, kwa hiyo vitu 200 ni saa kumi za kazi. Igawe kwa siku mbili au tatu. Orodha hii ndiyo utakayomtumia dalali, mwanasheria na ndugu zako, na asiyekuwa nayo huuza kwa kukisia.

2. Zimejaa vumbi. Nizisafishe zipendeze?

Hapana. Vumbi jepesi litoe kwa brashi laini kavu ya kupaka rangi, uishie hapo. Maji, sabuni, spiriti na dawa za kung'arisha zimeharibu treni nyingi kuliko panya. Kwenye treni za bati, maandishi na mistari ya rangi ni tabaka jembamba mno, na kitambaa chenye unyevu kinaweza kuyafuta. Stika za zamani zinazobandikwa kwa maji hupasuka na kutoka vipande vipande.

Mnunuzi anayejua kazi anaweza kuondoa vumbi mwenyewe, lakini hawezi kurudisha rangi uliyoisugua. Usibandue bei ya dukani kwenye boksi, wala usibandike selotepu mpya juu ya mpasuko wa zamani.

3. Naweza kuzichomeka kwenye umeme nione kama zinatembea?

Usichomeke transfoma ya zamani ukutani. Waya zake zilivikwa mpira ambao baada ya miaka 60 hukauka na kumeguka, shaba ikabaki wazi. Tatizo hili linajulikana kwenye transfoma kubwa za Lionel kama ZW, na transfoma za chuma za Märklin za miaka ya zamani hazifai kutumika tena.

Aina ya umeme nayo ni jambo la pili la kuangalia. Märklin ya HO na Lionel ya zamani hutumia AC (mkondo geu). Hornby Dublo, Tri-ang na treni nyingi za reli mbili hutumia DC (mkondo mnyoofu). Mota ya DC ukiiweka kwenye reli ya AC huungua kwa muda mfupi sana. Kichwa ambacho hakijatembea miaka 20 kina grisi iliyoganda kama gundi, kwa hiyo hata umeme sahihi unaweza kukichosha. Kama fundi wa treni hayupo karibu, andika "haijajaribiwa" na uuze hivyo. Hakuna aibu katika neno hilo, na wanunuzi wamelizoea.

Treni za springi zigeuze kwa ufunguo mizunguko miwili tu, uone kama gurudumu linazunguka. Ukisikia mlio wa kukwaruza, acha. Usizihifadhi zikiwa zimejazwa.

4. Maboksi matupu na makaratasi nitupe?

Usitupe hata moja. Boksi halisi la kichwa cha kabla ya Vita vya Pili vya Dunia au cha miaka ya 1950 linaweza kuongeza bei kwa theluthi moja, na kwa vitu adimu hata kuizidisha mara mbili. Hata boksi tupu huuzwa peke yake, maana kuna mtu mahali fulani ana treni bila boksi. Weka pia karatasi za maelezo, vipande vya kadibodi vya ndani, chupa ndogo za mafuta, funguo za springi na bahasha za vishikio. Vitu hivyo ndivyo hufanya seti iitwe kamili.

## Kutambua ulichonacho

5. Nitajuaje geji na skeli?

Chukua rula na upime nafasi kati ya kingo za ndani za reli mbili za nje. Milimita 6.5 ni Z, 9 ni N, 16.5 ni HO au OO, karibu 22.5 ni S, 32 ni O, na 45 ni geji 1 au G ya bustanini. Lionel ya kale ya "Standard" ina takriban milimita 54.

Wengi hukwama kwenye 16.5, kwa sababu HO na OO zinatumia upana uleule wa reli. HO ni uwiano wa 1:87 na hutumika Ulaya bara na Marekani. OO ni 1:76 na ni ya Waingereza karibu peke yao. Behewa la abiria la mita 20 litakuwa na sentimita 23 kwa HO na 26 kwa OO. Tahadhari: mabehewa ya watoto ya zamani yalifupishwa makusudi ili yapite kwenye kona kali, kwa hiyo jina la kampuni ni ushahidi bora kuliko urefu.

Angalia pia idadi ya reli. Reli ya tatu katikati inaonyesha Lionel, Hornby Dublo ya kabla ya 1959, au treni ya zamani ya geji O. Ukiona vidoti vidogo vya chuma katikati ya reli badala ya reli kamili, una Märklin.

6. Imeandikwa Hornby. Ni ya zamani au ya juzi?

Jina Hornby limepita mikononi mwa wamiliki kadhaa, na thamani inafuata kipindi.

Frank Hornby wa kampuni ya Meccano, Liverpool, alianza kuuza treni za geji O mwaka 1920. Ni za bati, nyingi za springi. Zilizo ndogo na za bei rahisi wakati ule, kama aina ya M, ziko tele hadi leo. Zinazotafutwa ni kubwa za umeme, na juu yao wote ni "Princess Elizabeth" ya 1937, hasa ikiwa ndani ya sanduku lake.

Mwaka 1938 ikaja Hornby Dublo, ndogo zaidi, ya reli tatu. Reli mbili zilifuata 1959. Hapa kuna jambo linalowapita wengi. Miaka ya mwisho wateja walikuwa wanahamia reli mbili, kwa hiyo vichwa vya reli tatu vya wakati huo viliuzwa vichache na leo ni adimu kuliko ndugu zao. Namba zinazoanza na 2 ni za reli mbili, zinazoanza na 3 ni za reli tatu: "Barnstaple" ni 2235, "Dorchester" ni 3235, na "Dorchester" ndiyo ngumu kupata.

Mwaka 1964 Meccano ilinunuliwa na Lines Bros, wenye Tri-ang. Boksi la "Tri-ang Hornby" ni la kuanzia 1965, na "Hornby Railways" la kuanzia 1972. Namba za kipindi hiki huanza na herufi R. Utengenezaji ulihamia China kuanzia katikati ya miaka ya 1990, na modeli zilizofuata zina maelezo madogo madogo mengi na hutembea vizuri zaidi. Ndiyo maana kichwa cha mwaka 2010 mara nyingi huuzwa ghali kuliko cha 1978, jambo linalowashangaza warithi wengi.

7. Märklin je?

Märklin ya Göppingen ilianzishwa 1859 na ilianza kuuza treni za geji sanifu 1891. Treni ndogo za kipimo kinachoitwa leo HO zilikuja 1935. Za kabla ya hapo, za bati zilizopakwa rangi kwa mkono, zipeleke kwa dalali bila kuzigusa. Hiyo ni daraja nyingine ya pesa.

Kwa za baada ya vita, soma namba. Herufi zenye 800, kama CCS 800 ya kichwa cha Uswisi kinachoitwa "Mamba", ni za zamani. Namba za tarakimu nne zilianza 1957, na Mamba huyohuyo akawa 3015. Namba za tarakimu tano zinazoanza na 37 ni za kidijitali. Kichwa kidogo cheusi namba 3000 kilitengenezwa kwa wingi kupindukia, kwa hiyo usikitegemee kulipa kodi ya nyumba.

Reli za bati za Märklin, zenye kokoto zilizochorwa, zilitengenezwa hadi mwaka 2000 na karibu hazina soko. Reli za C, zenye kitako cha plastiki, zinauzika.

8. Na Lionel?

Lionel ilianzishwa New York mwaka 1900 na Joshua Lionel Cowen. Wakusanyaji huigawa kwa vipindi: kabla ya vita, baada ya vita kuanzia 1945 hadi 1969, kisha ya kisasa. Namba iliyo ubavuni mwa behewa kwa kawaida ndiyo namba ya katalogi. Tarehe ndogo iliyochapwa pembeni usiitumie kujua umri. Ni sehemu ya mapambo, na ilichapwa ileile miaka mingi.

Seti ya wasichana ya 1957, namba 1587S, yenye kichwa cha waridi 2037-500, ndiyo kila mtu anaiulizia. Lionel yenyewe iliirudia 1991, na wapo waliopaka kichwa cha kawaida rangi ya waridi. Ukikuta moja, nenda kwanza swali la 14.

9. Hakuna jina wala namba popote.

Geuza tumbo juu. Jina mara nyingi liko chini ya kichwa, kwenye fremu, au ndani ya tenda (kibehewa cha makaa nyuma ya kichwa). Likikosekana, linganisha kiungio cha mabehewa, maana kila kampuni ilikuwa na umbo lake, na mtaalamu hulitambua kwenye picha moja. Piga picha tano: ubavu, mbele, chini, kiungio, magurudumu, na rula ionekane.

## Thamani

10. Kwa jumla ni pesa ngapi?

Pungufu kuliko familia inavyodhani, na isiyogawanyika sawasawa. Katika mkusanyiko wa kawaida, vitu vichache ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya thamani, na vilivyobaki ni vya kuuzwa kwa fungu. Kizazi kilichochezea Hornby Dublo na Lionel utotoni ndicho kilichopandisha bei, na sasa mikusanyiko yake inarudi sokoni kwa mkupuo mmoja. Vitu vya kawaida vimeshuka. Vilivyo adimu na safi vimesimama.

Kwa kukadiria tu huko Uingereza: behewa la kawaida la Dublo bila boksi ni pauni 3 hadi 8, kichwa cha Hornby Railways cha miaka ya 1980 ni pauni 15 hadi 40, kichwa cha kisasa cha Hornby au Bachmann, ndani ya boksi na kinachotembea, ni pauni 60 hadi 120. Kikitoka nje ya mipaka hiyo kwenda juu, sababu huwa ni uadimu wa toleo au usafi usio wa kawaida.

Cheti cha "toleo maalumu" kisikubabaishe. Kampuni zilitoa matoleo hayo kwa maelfu.

11. Bei ya kweli naipata wapi?

Angalia bei ya vitu vilivyokwisha uzwa. Kwenye eBay kuna kichujio cha vilivyouzwa, kinachoonyesha takriban siku 90. Tafuta kwa namba ya katalogi, soma mauzo matano hadi kumi, tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, kisha chukua ya katikati. Bei ambayo mtu anaomba haina maana, kwa sababu kuna vitu vimekaa miaka mitatu na bei yake ileile.

Vituo vya mnada pia huweka matokeo wazi: kwa Uingereza Vectis na Special Auction Services, kwa Marekani Stout. Unaposoma, angalia kama bei ni ya nyundo, yaani ile iliyotangazwa mnada ukifungwa, au imejumuisha kamisheni ya mnunuzi. Tofauti yake yaweza kuwa asilimia 25 au zaidi.

Vitabu vya bei vya zamani vitumie kutambua toleo tu. Bei zake zina umri.

12. Hali ya kitu inapimwaje?

Marekani chama cha wakusanyaji, TCA, kina ngazi kutoka C-1 hadi C-10: C-10 ni kipya kabisa, C-8 ni kama kipya, C-7 ni bora sana, C-6 ni nzuri sana, C-5 ni nzuri. Maboksi yana ngazi yake inayoanza na P. Uingereza hutumia maneno badala ya namba, na boksi hupimwa mbali na kilicho ndani.

Asiye mzoefu hukosea kwa kujipandisha ngazi. Kaa dirishani mchana, ukiwa na lenzi. Tazama kingo za paa, vishikio, bafa na ukingo wa dohani, kwa sababu huko ndiko rangi hutoka kwanza. Ukisita kati ya ngazi mbili, andika ya chini. Kitu kimoja kilichorudishwa na mnunuzi hula faida ya vitatu.

13. Chuma kimepasuka na kuvimba bila mtu kukigonga. Nini hiki?

Ni ugonjwa wa aloi ya zinki, ambayo Waingereza huiita mazaki. Aloi hii ilipochanganywa na uchafu kidogo tu wa risasi kiwandani, iliendelea kuoza kutoka ndani kwa miaka mingi. Dalili zake ni nyufa kama utando wa buibui, fremu iliyopinda kama ndizi, magurudumu yaliyovimba, na unga wa kijivu ndani ya boksi. Hauambukizi treni ya jirani, ingawa wengi huamini hivyo.

Dawa hakuna. Unyevu na joto linalopanda na kushuka huuharakisha, kwa hiyo darini na bandani si pahali pake. Hornby za miaka ya 1930, geji O na Dublo za kabla ya vita, ni wagonjwa wakubwa. Lakini hata baadhi ya vichwa vilivyotengenezwa China baada ya mwaka 2000 vimepasuka fremu.

Usijaribu kukinyoosha, kitavunjika mkononi. Magurudumu ya kubadilisha hupatikana, na wakusanyaji huyakubali ukiwaambia. Fremu ya mwili iliyopasuka hushusha thamani vibaya, lakini bado sehemu nyingine zinauzika kama spea. Uliza pia kama kuna magari ya Dinky Toys kwenye sanduku hilohilo. Yalitengenezwa na Meccano ileile na yanaugua vilevile.

14. Nitajuaje kama ni halisi, au imepakwa rangi upya, au boksi ni nakala?

Anza na skrubu. Kichwa kilichofunguliwa kina mikwaruzo kwenye mfereji wa skrubu, ila kwenye kisichofunguliwa rangi ya awali huwa bado imefunika kingo zake. Angalia ndani ya kibanda cha dereva na chini ya fremu, kwani mpakaji wa nyumbani husahau huko na rangi ya kwanza huchungulia. Rangi ya kiwandani iliyochakaa hupungua taratibu kuelekea kingo. Iliyopakwa upya juu ya mikwaruzo huacha mabonde unayoyahisi kwa ukucha.

Kwa karatasi, tumia tochi ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti, kwenye chumba chenye giza. Karatasi za kisasa zina dawa ya weupe inayong'aa buluu. Boksi linalodaiwa kuwa la miaka ya 1930 likiwaka hivyo, kuna jambo. Kutowaka hakuthibitishi uhalisi. Kunaondoa shaka moja tu.

Kilichopakwa upya si takataka. Kiuze kwa jina lake.

15. Vitu gani havilipi muda wangu?

Reli za kawaida zilizotumika, nyumba za plastiki zilizogundishwa, miti, waya, vidhibiti mwendo vya seti za kuanzia, na mabehewa yaliyovunjika viungio. Viweke katika maboksi mawili matatu ya mchanganyiko. Kinyume chake, pointi (reli za kuchepushia treni) za kampuni ya Peco ambazo hazijawahi kugundishwa, seti za kujenga mwenyewe ambazo bado hazijafunguliwa, na dikoda za kidijitali (vifaa vya kielektroniki vya kuongozea kichwa) ndani ya pakiti zina wanunuzi wa haraka.

## Kuuza

16. Njia zipi zipo, na kila moja inakula kiasi gani?

Mfanyabiashara wa treni hulipa siku hiyohiyo na kubeba kila kitu, hata takataka. Kwa kawaida hutoa karibu nusu ya bei atakayouzia, mara chache theluthi mbili. Huyo si mwizi, maana ana kodi ya duka, dhamana kwa mteja na rafu iliyojaa vitu visivyotoka.

Mnada maalumu wa treni hukata muuzaji asilimia 15 hadi 25, pamoja na VAT juu ya kamisheni hiyo, na wakati mwingine ada ya picha. Unafaa kwa vitu adimu, kwa sababu washindani wawili wakikutana chumbani bei hupaa.

Kuuza mwenyewe mtandaoni ndiko hulipa zaidi kwa kila kitu, na ndiko hula muda zaidi. Uingereza, eBay iliwaondolea wauzaji binafsi ada ya mauzo Oktoba 2024. Mnunuzi ndiye analipa nyongeza. Marekani ada bado ipo.

Maonyesho ya wakusanyaji, kama yale ya York, Pennsylvania, yanayofanyika Aprili na Oktoba, ni mazuri kwa kuona bei kwa macho yako hata kama huna meza.

Mnada wa kawaida wa samani na vyombo mtaani uuepuke kwa kitu chochote kizuri. Wapiga bei wanaojua hawapo, au yupo mmoja tu, na huyo mmoja ndiye atakayefurahi.

17. Mnada unaendaje, hatua kwa hatua?

Unatuma orodha na picha, wanakupa makadirio. Uliza mambo manne kwa maandishi: kamisheni yote kwa jumla, ada ya kitu kisichouzwa, nani anabeba bima wakiwa nacho, na siku ngapi baada ya mnada unalipwa. Kutoka kukabidhi hadi pesa mkononi ni miezi miwili hadi minne.

Kwa kitu kikubwa, weka bei ya chini ambayo hakitauzwa pungufu yake, kwa kawaida chini kidogo ya kadirio la chini. Kwa mafungu madogo usiweke, utabaki nayo. Kama kalenda inaruhusu, lenga Oktoba hadi mwanzo wa Desemba.

18. Niuze mkusanyiko mzima au kimoja kimoja?

Vyote viwili. Toa vile vichache vizito vya swali la 10 uviuze peke yake. Vya kati vipange kwa mafungu yenye maana: kichwa na mabehewa yake, rangi za kampuni moja ya reli, geji moja. Kilichobaki mpe mfanyabiashara kwa bei moja.

Kosa linalojirudia ni kumruhusu mnunuzi wa kwanza achague. Atachukua kumi bora kwa bei nzuri, na wewe ubaki na vitu 190 ambavyo sasa havina kivutio.

19. Tangazo zuri la mtandaoni linakuwaje?

Kichwa cha tangazo kiwe na kampuni, geji, namba ya katalogi na jina la treni. Piga picha nane hadi kumi na mbili, mandhari ya nyuma iwe ya rangi moja, na kasoro zionekane kwa karibu. Andika kama imejaribiwa, kwa umeme gani, na kama inarudi nyuma pia. Usitumie neno "adimu"; wanaojua namba wanajua.

20. Nifungeje ili isivunjike njiani?

Kwanza karatasi laini isiyo na asidi, ndipo plastiki yenye mapovu. Mapovu yakigusa rangi moja kwa moja huacha madoa ya duara, hasa kwenye joto. Kichwa na tenda vifungwe mbalimbali. Jaza nafasi ndani ya boksi la asili ili kichwa kisicheze, kisha weka boksi hilo ndani ya katoni lenye sentimita tano za mto kila upande. Kichwa cha metali kinachocheza hutoboa boksi lake mwenyewe kutoka ndani.

Uingereza, huduma ya Special Delivery ya Royal Mail hufidia hadi pauni 2,500 ukilipia ngazi ya juu. Pima fidia na bei, usipime na uzito.

21. Kuna kodi?

Uingereza, thamani ya siku ya kifo huingia kwenye hesabu ya mirathi, ambayo kiwango chake cha msingi kisichotozwa ni pauni 325,000. Baadaye, kitu kimoja kikiuzwa kwa pauni 6,000 au chini, hakitozwi kodi ya faida ya mtaji. Seti iliyouzwa kwa mtu mmoja huhesabiwa kama kitu kimoja. Marekani, gharama yako huhesabiwa kuwa thamani ya soko ya siku ya kifo, kwa hiyo ukiuza mapema faida ni ndogo au hakuna. Ikiwepo, vitu vya wakusanyaji vina kiwango cha juu cha asilimia 28.

Majukwaa ya Uingereza na Umoja wa Ulaya huripoti kwa mamlaka ya kodi wauzaji wenye mauzo 30 au zaidi kwa mwaka, au zaidi ya euro 2,000. Ripoti si kodi, lakini weka ile orodha ya swali la 1 pamoja na hati za mirathi, uwe na cha kuonyesha.

## Hali zisizo za kawaida

22. Marehemu alijenga meza ya reli inayojaza chumba kizima.

Kama meza, haina bei. Gharama ya kuihamisha humeza kila kitu. Ondoa kwanza vichwa na mabehewa. Pointi zilizogundishwa kwa gundi nyeupe na kokoto hulegea ukizinyunyizia maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni na kusubiri nusu saa, kisha uziinue kwa kisu bapa. Weka alama kwenye waya kabla ya kukata, na hakikisha plagi zote ziko nje ya ukuta.

23. Ni modeli za shaba kutoka Japani au Korea.

Hizi zililetwa Marekani kuanzia miaka ya 1950, kwa matoleo madogo. Usizing'arishe, zina vanishi ya kiwandani. Hatari yake ni sponji ya ndani ya boksi, ambayo ikizeeka huyeyuka, hunata na kula vanishi. Itoe sasa, funga modeli kwa karatasi isiyo na asidi, na uweke boksi na lebo yake. Bei zimeshuka tangu modeli za plastiki ziwe bora, ila matoleo ya vichwa ambavyo plastiki haijawahi kuvigusa bado yana wenyewe.

24. Kichwa kinatumia mvuke wa kweli.

Usikiwashe. Boila ni chombo cha shinikizo, na bila kupimwa na anayejua huwezi kuamini maungio yake. Mwaga maji na mafuta yaliyobaki kabla ya kukisafirisha. Spiriti haipokelewi posta. Kama kuna cheti cha majaribio ya boila, kiambatishe, kinapandisha bei.

25. Warithi tuko Mombasa na Dar, treni ziko Leicester, Uingereza. Tuzilete nyumbani?

Uzieni huko ziliko. Soko la Afrika Mashariki ni dogo mno, na mtalipa usafiri mara mbili pamoja na ushuru. Mteueni mmoja aliye karibu, apewe idhini ya maandishi na msimamizi wa mirathi, atengeneze orodha na kuituma kwa wote. Vituo vya mnada vingi huja kuchukua mkusanyiko mkubwa nyumbani.

Mkitaka kubaki na kumbukumbu, chagueni kipande kimoja chepesi. Kwenye fomu ya forodha modeli za treni huingia kifungu 9503. Chenye umri wa zaidi ya miaka 100 huenda kifungu 9706 cha vitu vya kale, kwa hiyo kiambatane na uthibitisho wa umri.

26. Ndugu mmoja anataka kubaki na treni, wengine wanataka pesa.

Pata makadirio ya maandishi kutoka sehemu mbili zisizo na nia ya kununua, chukueni wastani, na yule anayebaki nazo akatwe kiasi hicho kwenye fungu lake la mirathi. Tumieni bei ya mnada baada ya kamisheni, maana hiyo ndiyo pesa ambayo wengine wangeipata kweli.

27. Rafiki wa marehemu kutoka klabu amejitolea kuchukua vyote "kuwasaidia".

Huenda ni mtu mwema, na ujuzi wake ni wa maana. Mwombe akusaidie kutambua na kuandika orodha, umlipe kwa muda wake au kwa kipande anachokipenda. Kisiondoke kitu kabla orodha haijakamilika na msimamizi wa mirathi hajatia sahihi. Akikasirishwa na sharti hilo, piga simu kwa dalali.